Moyo Uliochoka

(Mazungumzo yaliyosomwa redioni)

Karibuni tena, ninyi mlioketi jikoni na kikombe cha chai, ninyi mlio safarini, na ninyi wagonjwa mnaotusikiliza kutoka vitandani. Leo nataka tuzungumze juu ya ugonjwa ambao watu wa kanisa huuficha sana. Si ukoma, wala si kifua kikuu, wala si UKIMWI, ingawa hayo nayo tuliyaficha kwa miaka mingi. Ni ugonjwa wa moyo uliochoka. Ile huzuni inayomkalia mtu juma baada ya juma, hata akaona ni afadhali asingalizaliwa.

Wataalamu wameupa majina. Wengine husema sonona, wengine husema unyogovu. Lakini huko vijijini si rahisi kumsikia mtu akisema, "Nina sonona." Husema, "Nina mawazo." Husema, "Moyo wangu umekuwa mzito." Au huenda zahanati akisema kichwa chauma, mgongo wauma, moyo wapiga mbio. Hupewa vidonge vya maumivu, akarudi nyumbani, na baada ya siku tatu yuko pale pale kwenye foleni. Mwili husema lile ambalo mdomo umekatazwa kulisema.

Si kila huzuni ni ugonjwa. Aliyefiwa atalia, na ni vema alie. Bwana wetu mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro. Lakini huzuni ikikaa majuma mawili au zaidi, karibu kutwa nzima, siku baada ya siku. Ikiwa mtu hapendezwi tena na mambo aliyoyapenda, kwaya, shamba lake, hata watoto wake. Ikiwa usingizi umemtoroka au amezidi kulala, chakula hakimpiti kooni, akili haishiki neno, ajiona si kitu na kwamba amekuwa mzigo kwa jamaa zake, tena kifo chamjia mawazoni mara kwa mara. Basi hapo tumevuka mpaka. Huo ni ugonjwa, kama malaria ilivyo ugonjwa. Humpata mama aliyejifungua majuzi, na majirani wakashangaa kwa nini hamfurahii mtoto mzuri namna ile. Humpata mwanamume pia, naye mara nyingi halii. Hukasirika, hupiga kelele nyumbani, hunywa. Nasi twasema amekuwa mlevi, wala hatuulizi ulevi ule ulitoka wapi.

Fungueni pamoja nami Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, mlango wa 19. Asiye na Biblia karibu na asikilize tu. Mnajua yaliyotangulia. Katika mlango wa 18 Eliya amesimama peke yake juu ya mlima Karmeli mbele ya manabii 450 wa Baali. Moto umeshuka, mvua imenyesha baada ya ukame mrefu, naye amekimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Ni mhubiri gani aliyepata siku kama ile? Kisha Yezebeli anatuma mjumbe mmoja na neno moja la kutisha, na yule shujaa anatoroka. Anafika Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu, na kumwomba Mungu amwondolee uhai wake.

Tazameni hapo. Huzuni haikumpata aliposhindwa. Ilimpata baada ya kushinda. Watumishi wengi wa Mungu wanalijua jambo hili ingawa hawalisemi mimbarani. Mkutano mkubwa umekwisha, watu wameokoka, na Jumatatu asubuhi mhubiri hawezi kuinuka kitandani. Tena liangalieni lile jambo dogo, ya kwamba alimwacha mtumishi wake njiani. Ndivyo ugonjwa huu ufanyavyo. Humtenga mtu na yule mmoja ambaye angaliweza kumshika mkono, kisha humnong'oneza, "Waona? Huna mtu."

Je, Mungu alifanyaje? Kama ingalikuwa ni kamati yetu ya kanisa, tungalimwita Eliya mbele yetu na kumwuliza kama haoni aibu, na kama amesahau moto wa juzi. Mungu hakumwuliza neno. Alimwacha alale. Kisha malaika akamgusa, naam, alimgusa kwa mkono, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na maji ya kunywa. Eliya akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili na chakula, na sababu aliyoitaja ni kwamba safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Hakuambiwa kwamba amemwasi Mungu. Aliambiwa, kwa maneno ya kwetu, kwamba amechoka.

Daktari mwenye ujuzi akimpokea mtu wa namna hii leo ataanza papo hapo alipoanza malaika. Atauliza: Unalala? Unakula? Nani yuko nyumbani pamoja nawe? Sioni sababu mchungaji aanze mahali pengine.

Hata alipofika Horebu baada ya siku 40, Mungu alimwuliza swali, akamwacha aseme. Eliya akamwaga yote yaliyokuwa moyoni. Ukaja upepo, tetemeko, moto, kisha ule mnong'ono wa upole. Na swali likaulizwa tena, lile lile. Eliya akajibu maneno yale yale aliyoyasema mara ya kwanza. Mungu hakumkatiza, wala hakumwambia kwamba hayo amekwisha kuyasikia. Kila mshauri na alishike hilo. Mwenye huzuni hurudia habari yake, na itakubidi uisikilize mara ya pili kana kwamba ni mpya. Hapo ndipo Eliya alipopewa kazi ya kufanya, akaelezwa kwamba wako watu 7,000 waliokataa kumwinamia Baali, akapewa na Elisha awe pamoja naye. Yule aliyemwacha mtumishi wake njiani akarudi akiwa na mwenzi.

Sasa nije kwetu. Kanisa letu la Kianglikana hapa Kenya lina deni kubwa kwa ule Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, na kutufikia mwaka wa 1937. Ndugu wa Uamsho walitufundisha kukutana kila juma, kutembea nuruni, kila mtu akifungua moyo na kuungama yaliyomshinda. Kabla hatujasikia neno "ushauri nasaha", mkulima na mwalimu na mpishi waliketi katika ushirika mmoja wakisema ukweli wa maisha yao. Sijui hospitali iliyopata kuwapa watu wetu dawa bora kuliko hiyo.

Lakini kwa mlango huo huo iliingia hatari. Kwa kuwa tumezoea kuona dhambi nyuma ya kila mzigo, mtu akija na huzuni twamtafutia dhambi yake. Naye ataipata, kwa maana ugonjwa wenyewe humfanya ajione mwenye hatia hata kwa mambo asiyoyafanya. Ataungama, tutaimba, tutamshika mikono, ataenda nyumbani. Asubuhi huzuni iko pale pale, na sasa ana mizigo miwili: ile huzuni ya kwanza, na hofu kwamba toba yake haikupokewa mbinguni. Dhambi na iungamwe, ndugu zangu. Ugonjwa hauungamwi, hutibiwa.

Mnamkumbuka Hana katika Samweli wa Kwanza, mlango wa 1? Alikuwa akiomba kwa uchungu, midomo yake ikicheza bila sauti, na kuhani Eli akamtazama akaona ni mlevi. Kuhani alikuwa mzoefu, alikuwa pale pale hekaluni, na bado alikosea, kwa sababu alitazama mdomo kabla ya kuuliza habari za moyo. Jambo la kumsifu Eli ni kwamba Hana alipojieleza, alimsikiliza, akabadili neno lake, akamwambia aende kwa amani. Wala Biblia haisemi kwamba aliwasimulia watu wengine habari za mama yule.

Hili la kusimulia ni kidonda chetu. Wako watu wanaojua kuutoa umbea ukiwa umevaa nguo za ibada. "Wapendwa, tumwombee sana dada fulani, mambo si mazuri nyumbani kwake, sitaki kusema mengi..." Kisha asema mengi. Ukifanya hivyo mara moja, hakuna mtu atakayekuja kwako tena, na yule dada atajifunza kuitikia "Nashukuru Mungu" kwa kila amwulizaye hali, hadi siku ya kuanguka kwake. Anayetaka kuwa mshauri katika kanisa na aanze kwa kujizoeza kunyamaza. Siri ifunguliwe tu pale ambapo uhai wa mtu uko hatarini, na hata hapo mwambie mwenyewe kwanza kwamba utamwita mtu wa kusaidia.

Wengine wataniambia: "Mchungaji, sisi si madaktari. Hatukusomea mambo ya akili." Ni kweli. Basi nisikilizeni niwasimulie jambo lililofanyika Zimbabwe. Mwaka wa 2005 serikali ya huko ilibomoa nyumba nyingi za maskini mijini, na watu wengi wakabaki na majonzi makubwa. Daktari mmoja wa akili, Dixon Chibanda, mmoja wa wachache sana katika nchi nzima, alikuwa na mgonjwa, msichana aliyehitaji kurudi hospitalini. Msichana yule hakuja. Jamaa zake walikosa nauli ya basi, naye akajiua. Daktari ameusimulia mkasa huo hadharani, akieleza jinsi ulivyomfanya aone kwamba haitoshi kumngoja mgonjwa hospitalini. Mwaka wa 2006 alianza kazi Mbare, mtaa wa Harare, pamoja na nyanya 14. Hawakuwa na shahada. Walifundishwa kwa muda mfupi, wakapewa benchi la mbao nje ya zahanati, chini ya mti.

Nyanya huketi na mgonjwa, humwuliza yanayomsumbua, humsikiliza mpaka mwisho. Kisha humsaidia kuyatenganisha matatizo yake na kuchagua moja tu, lile linaloweza kushikika juma hili, na kuamua hatua ya kuchukua. Juma lijalo hurudi, wakaangalia kama hatua ile ilifaulu. Hawatumii neno la kitaalamu la Kizungu. Husema kwa Kishona "kufungisisa", yaani kufikiri kupita kiasi. Si ndilo lile lile letu, "nina mawazo"?

Mwaka wa 2016 matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa. Wagonjwa 573 kutoka zahanati 24 za Harare walifuatiliwa. Baada ya miezi sita, waliohudumiwa kwa njia ya kawaida, karibu 50 katika kila 100 walikuwa bado na dalili za ugonjwa wa huzuni. Wale walioketi na nyanya kwenye benchi, walikuwa karibu 14 tu katika kila 100. Kazi hiyo imefika Malawi, na imefika hata kwa jirani zetu wa Zanzibar. Nami nikitazama uwanja wa kanisa lolote nchini mwetu naona benchi, naona mti, na naona nyanya wengi wenye masikio mazuri. Kinachokosekana ni mafunzo, na mtu wa kuwaandalia. Halmashauri ya kanisa inayoweza kufanya harambee ya vipaza sauti inaweza kumwalika muuguzi wa akili kutoka hospitali ya kaunti aje awafundishe akina mama.

Tena benchi halitoshi kwa kila mgonjwa. Wako wanaohitaji dawa, na wako wanaohitaji kitanda cha hospitali. Hapo naona watu wetu wanaogopa. Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianzishwa mwaka wa 1910 na serikali ya kikoloni, na kwa miaka mingi tumelifanya jina lake kuwa tusi, watoto wakikosana hucheka na kuambiana, "Wewe ni wa Mathari." Mtu aliyelikulia tusi hilo atawezaje kwenda huko akiugua? Lakini mnamo 2020 jopo lililoteuliwa na serikali kuchunguza afya ya akili lilipendekeza maradhi haya yatangazwe kuwa janga la taifa. Basi si jambo la watoto kuchekea.

Dawa za huzuni hazifanyi kazi kama za kichwa. Zaweza kuchukua majuma mawili, manne, au zaidi kabla mtu hajaona nafuu, na wengi huzitupa katika juma la pili. Aliyepata nafuu naye huona amepona, akaacha ghafula, akaanguka tena. Zisiachwe bila neno la daktari. Na ninyi wahubiri mnaowaambia wagonjwa watupe vidonge ili waonyeshe imani, sitawaficha nionavyo: mnaucheza uhai wa mtu mwingine. Paulo alikuwa na imani kuliko sisi, naye alisafiri pamoja na Luka tabibu, tena alimshauri Timotheo kuhusu cha kunywa kwa ajili ya tumbo lake. Kumfunga mgonjwa wa akili kwa minyororo na kumnyima chakula ati pepo amtoke, hilo si maombi hata kidogo. Eliya alipewa mkate.

Limebaki jambo gumu. Mtu akisema kwamba amechoka kuishi, tufanyeje? Wengi huogopa kumwuliza zaidi, wakidhani watampandia wazo. Sivyo. Waliochunguza mambo haya wameona kwamba kumwuliza hakumpandii wazo; mara nyingi humpunguzia mzigo, kwa sababu ni mtu wa kwanza aliyethubutu kulitaja. Muulize kwa upole na waziwazi: "Je, unafikiria kujiua?" Akikubali, usimwache peke yake, usimhubirie. Mpeleke hospitali, au kaa naye mpaka jamaa afike. Dawa ya kupe na dawa za kunyunyizia shamba zitolewe nyumbani mle au zifungiwe kwa ufunguo usio mkononi mwake. Si jambo dogo hilo. Sri Lanka ilipopiga marufuku dawa kali za shambani, idadi ya waliojiua nchini ilishuka sana, kwa maana saa ile mbaya hupita, na mtu aliyeivuka mara nyingi huishi.

Kwa miaka mingi watu waliwaficha jamaa zao waliojaribu kujiua kwa kuogopa polisi. Kifungu cha 226 cha sheria yetu ya jinai kilifanya jaribio hilo kuwa kosa, na mtu aliyetoka kuokolewa kifoni angeweza kutolewa hospitalini akapelekwa mahakamani. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Nilifurahi niliposoma habari hiyo. Sheria ilikuwa imeanza kutambua ugonjwa pale ambapo makanisa mengine bado yanaona uasi tu.

Nasi Waanglikana tuna la kujitazama. Kitabu cha Sala cha mwaka wa 1662 kilielekeza kwamba ibada ya maziko isitumike kwa aliyejiua. Wako wazee wanaolishika neno hilo hata leo, wakataka marehemu azikwe bila kengele, bila kwaya, mchungaji akae mbali. Lakini kitabu hicho hicho kiligawanya Zaburi zote katika siku 30 za mwezi, na asubuhi ya siku ya 17 kila mwenye kukifuata hukutana na Zaburi ya 88. Isomeni wenyewe leo jioni. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa za sifa, hiyo haigeuki. Inaanza gizani na inaishia gizani, na bado ni sala, na aliyeitunga hakutolewa katika Biblia. Mtu aliyekufa akiwa mahali pale pa Zaburi ya 88, mimi siwezi kusema kwamba alikuwa nje ya mkono wa Mungu. Namzika. Nasimama karibu na mama yake.

Na mazishi yakiisha, msimwache mama huyo. Marafiki wa Ayubu walifanya vema siku saba walizoketi chini pamoja naye bila kusema neno. Waliharibu walipoanza kutoa sababu. Siku ya maziko watu ni wengi mno, hana hata nafasi ya kulia. Nenda juma la tatu, hema limekwisha kuondolewa na sufuria zimerudishwa kwa wenyewe. Chukua sukari na majani ya chai, uketi. Mtaje marehemu kwa jina lake, kwa maana wengine wote wameacha kumtaja, na mama ana hamu ya kulisikia.

Nitakuwa nanyi tena juma lijalo saa hii hii. Kwaherini.